HOFU YA MACHO YA WATU



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kuzungumzia ugonjwa ambao aghalabu hauitwi ugonjwa. Mwenye kuugua hana homa, hakohoi wala havimbi miguu. Nyumbani anakula vizuri, anaongea na kucheka na ndugu zake. Lakini mwite asimame mbele ya darasa, mbele ya jumuiya, au mbele ya dirisha la benki pale Makambako, na mara moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, koo linakauka, na kichwani halibaki neno hata moja. Watu husema ana aibu. Wengine husema anaringa. Wapo wasemao amelogwa. Waganga wa magonjwa ya akili wanauita hofu ya kijamii. Sisi hapa tutauita kwa Kiswahili cha nyumbani: hofu ya macho ya watu.

Tuchukue mfano wa msichana aliyemaliza darasa la saba katika kijiji kimojawapo cha Makete. Miaka saba alifundishwa kwa Kiswahili, na alikuwa miongoni mwa wanafunzi wazuri. Anafika kidato cha kwanza, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Siku moja mwalimu anamwambia asome kwa sauti. Anatamka neno vibaya, darasa zima linacheka. Tangu siku hiyo hanyoshi mkono hata kama jibu analijua. Siku za kuulizwa maswali kwa mdomo tumbo linamuuma, na linamuuma kweli, si uongo. Kabla ya mtihani wa kidato cha pili wazazi wanaambiwa kwamba mtoto wao hana akili. Baba anahesabu gharama na nauli, kisha anaamua heri abaki nyumbani alime viazi. Hapo shule imekwisha. Kilichomfukuza si Kiingereza, ni macho ya wenzake.

Mwingine ni kijana mfanyabiashara. Bila lita moja ya ulanzi asubuhi hawezi kupatana bei na mteja. Mwingine ni mama ambaye anatakiwa kufika kliniki, lakini akifikiria lile benchi la kusubiri, na watu wote wanaomtazama anapoingia, anageuka njiani.

Aibu, adabu na ugonjwa

Hatutaki mtu adhani kwamba kila mnyamavu ni mgonjwa. Huku kwetu mtoto hufundishwa kutomkazia macho mzee, wala kusema kabla hajaulizwa. Hiyo ni adabu. Mtoto wa namna hiyo akitoka mbele ya babu yake anakwenda kupiga kelele na wenzake kama kawaida. Mgonjwa hunyamaza hata pale anapotamani kusema, na pale ambapo mila inamruhusu kusema. Tena hofu ya siku moja, mathalani siku ya kusoma somo kanisani kwa mara ya kwanza, ni hali ya kila binadamu. Mganga husema ni ugonjwa hofu hiyo ikidumu miezi 6 au zaidi, ikiwa kubwa kupita kiasi cha jambo lenyewe, na ikimzuia mtu kusoma, kufanya kazi, kusali na wenzake au kutafuta mchumba.

Kwa kawaida huanza mapema. Huko Marekani, ambako wagonjwa wengi wamehesabiwa, robo tatu yao walianza kuugua kati ya umri wa miaka 8 na 15. Huo ni umri wa shule ya msingi, wa Kipaimara na wa kidato cha kwanza. Ndiyo maana tunawaomba walimu na makatekista wasome ukurasa huu kwa makini kuliko wengine wote.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu ndogo mbili, kila moja ukubwa wake kama harage kubwa. Wataalamu huiita amigdala. Kazi yake ni ulinzi. Ikiona nyoka njiani inapiga yowe kabla wewe hujatambua kama ni nyoka au ni kamba, na mwili wote unajiandaa: moyo unasukuma damu, misuli inakaza, jasho linatoka. Ni mlinzi mwema, tusimlaumu. Bila yeye tungeumwa na nyoka wengi.

Shida ni kwamba mlinzi huyu hatazami nyoka tu, hutazama na nyuso za watu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na zenye dharau, huku mashine ikiutazama ubongo unavyofanya kazi. Kwa wenye hofu ya kijamii amigdala iliwaka kwa nguvu kuliko kwa wenzao wasio na ugonjwa. Ilikuwa karatasi tu yenye sura ya mtu, lakini mlinzi alipiga yowe.

Amigdala haifanyi kazi peke yake. Ubongo hufanya kazi kwa mitandao. Tukisema mtandao hatumaanishi intaneti, bali sehemu kadhaa za ubongo zilizo mbali mbali ambazo huwaka na kutulia pamoja, kama vijiji vilivyounganishwa kwa waya mmoja wa umeme. Kwa somo letu inatosha kuijua mitatu. Wa kwanza ni mtandao wa ulinzi, ambamo amigdala hushirikiana na sehemu iitwayo insula, inayosikiliza habari za mwili wenyewe: moyo unavyopiga, tumbo linavyojinyonga. Wa pili ni mtandao wa uongozi, ulio hasa nyuma ya paji la uso na pande za juu za ubongo. Huu ndio unaopima jambo, unaochagua, unaomwambia mlinzi, “Tulia, ni kamba.” Wa tatu ni mtandao wa kujitafakari. Huwaka mtu anapojiwazia mwenyewe: mimi ni nani, watu wananionaje, jana nilisema nini.

Kwa mwenye hofu ya macho ya watu mlinzi ni mwepesi mno. Mtandao wa kujitafakari nao unageuka kuwa kioo kibaya. Badala ya kumsikiliza anayeongea naye, mtu anajitazama kutoka nje: “Mikono yangu inatetemeka, wameona. Sauti yangu imekwama, wanacheka.” Insula inampelekea kila pigo la moyo, naye anaamini kwamba kinachosikika ndani yake kinaonekana pia nje. Usiku yuko kitandani, lakini kioo hakijalala. Anarudia neno moja alilokosea saa nne asubuhi, mara hamsini. Na mtandao wa uongozi je? Upo. Haujafa wala haukuzaliwa pungufu. Unachelewa.

Dereva wa Kitonga

Kila aliyesafiri kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam anaujua mteremko wa Kitonga. Dereva wa lori lililojaa mbao au viazi hasubiri gari likimbie ndipo akanyage breki. Akiwa bado juu anapunguza mwendo na kuweka gia nzito. Yule anayeteremka kwa gia nyepesi, halafu akafika katikati akaikandamiza breki kwa nguvu zote, breki huchemka, moshi hutoka, na tairi haziachi kuzunguka.

Ubongo una njia mbili za namna hiyo za kutawala hisia. Ya kwanza ni kulipima jambo upya mapema, kabla hofu haijashika kasi. Ya pili ni kuficha: kukaza uso, kumeza mate, kujifanya hakuna kitu. Mwaka 2008 Philippe Goldin na James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzao, waliwaonyesha wanawake 17 vipande vya filamu vya kuchukiza, kila kimoja sekunde 15, huku wakipiga picha za ubongo. Walipoambiwa walifikirie upya jambo wanaloliona, sehemu ya mbele ya ubongo iliwaka katika sekunde 4 au 5 za kwanza, na amigdala na insula zikatulia. Walipoambiwa wafiche tu, sehemu ya mbele iliwaka mwishoni, baada ya sekunde kama 10. Uso ulitulia kweli, lakini ndani amigdala na insula zilizidi kuwaka. Breki ilikanyagwa katikati ya Kitonga.

Mwaka uliofuata watafiti hao waliwalinganisha watu 27 wenye hofu ya kijamii na 27 wasio nayo. Kila mmoja alipewa sentensi za kujidharau, kisha akaambiwa azipime upya. Kwa watu wazima wa afya mtandao wa uongozi uliitika mapema. Kwa wagonjwa nao uliitika, lakini ulichelewa. Sisi tunaona hili ni jambo la faraja kubwa, maana breki inayochelewa hutengenezeka.

Na imetengenezwa. Mwaka 2013 kundi hilo hilo lilitoa matokeo ya wagonjwa 75. Baadhi walipewa mafunzo ya mtu mmoja mmoja, vipindi 16, ya kuyapima mawazo yao na kuyakabili yale wanayoyaogopa. Wengine waliwekwa kwenye orodha ya kungoja. Waliofundishwa waliweza kuyajibu mawazo yao vizuri zaidi, na katika picha sehemu moja ya mbele ya ubongo ilianza kufanya kazi mapema kuliko awali, na ikashikamana zaidi na amigdala katika kuituliza. Nchini Sweden, mjini Uppsala, mwaka 2002 wagonjwa 18 walitakiwa kutoa hotuba mbele ya watu huku ubongo wao ukipigwa picha. Wengine walipewa vidonge, wengine mafunzo, kwa wiki 9. Waliopata nafuu, kwa njia yoyote ile kati ya hizo mbili, amigdala zao zilipoa. Waliopoa zaidi ndio waliokuwa na hali njema zaidi mwaka mmoja baadaye.

Tuseme basi wazi: maneno na mazoezi yanaingia ndani ya ubongo na kuubadilisha, sawa na kidonge. Anayesema “ni mawazo tu” hajui mawazo yanafanywa na nini.

Hofu yenye sababu

Hapa inatubidi tusimame kidogo. Si kila anayeogopa macho ya watu amedanganywa na ubongo wake. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Njombe asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine ya Tanzania Bara. Mama yule anayegeuka njiani pengine anajua kabisa kwamba kwenye benchi atakuwapo jirani mwenye mdomo mrefu. Kumwambia “hofu yako ni ya kichwani” ni kumwonea. Yeye anahitaji kwanza faragha, kitabu chake kisiachwe wazi mezani, na jina lake lisiitwe kwa kelele. Na jirani afunge mdomo. Hofu ikibaki hata baada ya hayo yote, ndipo tuitibu. Dawa za kufubaza virusi hazifanyi kazi zikiwa kabatini kliniki, hivyo jambo hili si la aibu tu, ni la uhai.

Kupanda ngazi

Sasa tufanye nini? Kosa la kwanza ni kumsukuma. Mwalimu anayemsimamisha mtoto mbele ya darasa “ili azoee”, halafu akaacha wenzake wamcheke, anamfundisha mlinzi kwamba alikuwa na haki ya kupiga yowe. Kosa la pili, ambalo sisi wazazi wenye huruma hulifanya zaidi, ni kumsamehe kila kitu: kumjibia akiulizwa, kumtuma mdogo wake dukani badala yake, kumwacha atume ujumbe wa simu kwa jambo la kusema kwa mdomo. Kila akikimbia anapata nafuu mara moja, na nafuu hiyo ndiyo chakula cha ugonjwa. Ubongo unaandika: nimepona kwa sababu nimekimbia.

Njia ya katikati ni ngazi. Tuseme msichana wetu amependa kusoma somo la Misa. Wiki ya kwanza asome kwa sauti peke yake, shambani au chumbani. Kisha awasomee mama na mdogo wake. Kisha asome katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba sita au saba, watu anaowafahamu. Kisha Misa ya siku ya kawaida, watu wachache. Jumapili ije mwisho. Kila kipandio akirudie mpaka hofu ishuke yenyewe angali amesimama pale pale, maana mlinzi hujifunza pale tu anapopiga yowe na asione nyoka. Akishuka hofu ikiwa kileleni, siku inayofuata kipandio kile kitakuwa kirefu zaidi.

Kabla ya kila kipandio aandike kwenye daftari anachokitabiri: “Nitakwama, watacheka, padre atanikataza kusoma tena.” Akirudi aandike kilichotokea. Hilo daftari ndiyo gia nzito ya Kitonga. Halimwambii ajipe moyo, jambo ambalo halisaidii sana, linampa ushahidi. “Nikikosea neno wote watajua mimi ni mjinga.” Je, katekista hajawahi kukosea jina la mji katika Matendo ya Mitume? Na ni nani anayekumbuka ulikuwa mji gani?

Akiwa pale mbele asijitazame yeye, atazame nje: benchi la mwisho, maana ya maneno, mtoto anayelia. Aache na vificho vyake, yaani kuinamisha kichwa, kusoma mbio mbio, kujifunika mdomo kwa kanga, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyomfanya aamini kwamba bila hivyo angeaibika. Kuvuta pumzi taratibu, na kuitoa polepole zaidi kuliko ilivyoingia, husaidia moyo. Lakini pumzi peke yake si dawa.

Inafaa awepo mwenzake. Katika kitabu cha Kutoka Musa alijitetea kwamba si msemaji. Hatusemi Musa alikuwa na ugonjwa huu. Yeye alilalamikia uzito wa ulimi. Hata hivyo hakuondolewa kazi, wala hakutumwa peke yake: alipewa Haruni, ndugu yake. Akina mama wa WAWATA wanaiweza kazi hiyo ya Haruni. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 bibi wa kawaida waliofundishwa wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mazito, na vipimo vya kitaalamu vimeonyesha kwamba wasikilizwao wanapata nafuu. Sala pia ina nafasi yake, ila tusimwambie mgonjwa kwamba anaogopa kwa kuwa imani yake ni haba. Ana mzigo wa kutosha.

Ulanzi, vidonge na kipimo cha kichwa

Ulanzi, komoni na bia humnyamazisha mlinzi kwa saa chache bila kumfundisha lolote. Kesho yake huamka mkali zaidi, na lita moja huwa mbili. Vijana wengi tunaowaita walevi walianza kwa kutafuta ujasiri tu, na kumtibu ulevi bila kuitibu hofu ni kukata jani na kuacha mzizi.

Wagonjwa wengine wanaokuja Ikonda, hata kutoka mikoa ya mbali, huomba wapigwe kipimo kikubwa cha kichwa ili hofu ionekane. Hapana. Picha tulizozieleza hapo juu ni za utafiti, ni wastani wa kundi la watu. Picha ya kichwa ya hospitali hutafuta uvimbe, damu na majeraha. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa mazungumzo, nayo ni bei nafuu. Ila tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi laweza kuleta mapigo ya moyo na kutetemeka vile vile, kwa hiyo mganga akiomba kipimo cha damu asikataliwe.

Vidonge vipo, kama vile sertralini. Huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na visikatishwe ghafla bila mganga kujua. Usinunue diazepamu duka la dawa kwa ajili ya hofu hii: inazoeleka haraka, na kuiacha ni kazi. Propranololi, ambayo wengine huimeza kabla ya kuhutubia, ni ya hatari kwa mwenye pumu. Wala mtu asiogope kwamba akitaja habari hizi atapelekwa Mirembe, Dodoma. Matibabu ya ugonjwa huu huanzia kwenye kituo cha afya cha jirani, na mgonjwa hurudi kulala kwake.

Anayeshindwa kusema mbele ya mganga aandike kwenye karatasi na kumpa, au aje na dada yake amsemee mara ya kwanza. Wauguzi waipokee karatasi hiyo bila kuisoma kwa sauti. Na kwa kuwa hofu ya muda mrefu mara nyingi huzaa huzuni nzito, ndugu wakisikia mgonjwa anasema heri afe, wasingoje siku ya kliniki. Wamlete siku hiyo hiyo, na njiani asiachwe peke yake.